Lugha ya Mkutano

Siku Juwairiya alipovishwa mkufu wa urais wa klabu, Mwalimu Isiko alihutubia mpaka wahudumu wa hoteli wakaanza kuegemea ukuta. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa ameiongoza Klabu ya Huduma ya Mashariki mihula mitatu mfululizo, wala si kwa kupenda cheo. Kila alipotaka kuachia, wenzake walikuwa wakitazama viatu vyao. Sasa alikuwa amepatikana mtu, naye Isiko alikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, na vyote viwili vilitaka kusemwa kabla ya pilau kupoa.

Klabu hiyo ilikuwa na wanachama wa Jinja na wa Mbale, na ilikutana mara moja kwa mwezi, mwezi huu huku, mwezi ujao kule. Walikuwa wamejengea chemchemi kule Wanale, wakaezeka upya wodi ya wazazi kwenye zahanati moja, na mwaka huu walikuwa wakijiandaa kwa kambi ya kutibu macho Busiu, nje kidogo ya Mbale. Juwairiya alikuwa na duka la dawa Jinja mjini, kwenye mtaa ule wa maduka ya zamani yenye vibaraza. Alikuwa Mnubi. Babu wa babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudan na hakurudi tena. Nyumbani walisema Kinubi, na kibarazani walisema Kiswahili na kila apitaye. Klabuni alisema Kiingereza, kama wote.

Baada ya sherehe Isiko alimshika mkono.

"Mama Rais," alisema, "lala usingizi. Mimi nipo. Jambo lolote likikushinda, nipigie."

"Asante, Mwalimu," alijibu Juwairiya, akihisi ule mkufu ulivyo mzito shingoni.

Kulikuwa na jambo lililokuwa likimkera siku nyingi. Busiu kulikuwa na mwanachama mpya aitwaye Asuman, fundi wa pikipiki. Alikuja kila mkutano akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, alicheka wengine walipocheka, na akaondoka bila kusema neno. Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimiana tu. Nabirye, aliyeuza samaki soko kuu la Jinja, naye alikuwa vivyo hivyo. Kuendesha mkutano kwa Luganda, watu wa Mbale wasingekubali. Kwa Lusoga, wasingeelewa. Kwa Lumasaba, watu wa Jinja wangebaki wakikodoa macho. Lakini Kiswahili, kibovu au kizuri, kila mtu alikuwa nacho kidogo, na hakikuwa cha kabila la mtu yeyote pale.

Basi kwenye mkutano wake wa kwanza, Mbale, baada ya sala ya kufungua, wanachama wakiwa bado wamesimama, Juwairiya aligonga meza akasema, "Hamjambo wote. Kaeni chini, tuanze. Leo tutaongea Kiswahili, ili kila mtu aseme."

Wengine walicheka. Mmoja wa nyuma alipiga mguu chini na kuitikia, "Ndiyo, afande!" Kicheko kikaongezeka, na Juwairiya mwenyewe akacheka.

Ndipo alipomwona Dorothy.

Madamu Dorothy alikuwa katibu wa klabu tangu kuanzishwa kwake. Alikuwa mwanamke wa Mbale mwenye miaka sitini na kitu, mjane, mkunga mstaafu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amechelewa wala amekasirika. Wote walikuwa wamekwisha kukaa. Yeye alibaki wima, mkono mmoja juu ya meza kama mtu anayeogopa kuanguka. Kisha alifunga mkoba, akasema kwa Kiingereza, polepole, "Mniwie radhi," akatoka. Mlango aliufunga kwa upole kabisa, na upole huo uliwanyamazisha watu kuliko kama angeubamiza.

Mkutano uliendelea. Juwairiya hakujua la kufanya ila kuendelea. Na katikati ya mkutano huo wenye aibu, Asuman aliinua mkono. Alisema kwamba mama yake alikuwa hauoni tena uso wa mwanawe, alimjua kwa sauti na kwa harufu ya oili. Alisema ndiyo sababu alijiunga na klabu, aliposikia wanazungumzia macho. Alisema hakuwahi kulieleza kwa sababu hakujua kulieleza kwa Kiingereza. Kisha akakaa, akajifuta jasho.

Usiku ule Juwairiya alilala kwa binamu yake Halimah, hapo Mbale. Kabla hata ya chai ya asubuhi, Isiko alipiga simu. Hakuwa mkutanoni, lakini habari ilikuwa imeshafika Jinja.

"Nimeshaongea na watu kadhaa," alisema. "Wanakubaliana nami. Mkutano ujao turudi kwenye Kiingereza, nawe umwandikie Dorothy barua ya kuomba radhi. Yataisha."

"Umeongea na watu gani, Mwalimu?"

"Wazee wa klabu. Usijali, nimelishughulikia."

Juwairiya alimheshimu. Mtu huyu alikuwa amemfundisha mwanawe hesabu. Alikuwa amemshika mkono siku ya mazishi ya mumewe. "Mwalimu," alisema, "naomba nikuulize, na usinikasirikie. Rais ni nani sasa?"

Alimsikia akikohoa.

"Ni wewe," Isiko alisema mwishowe.

"Basi niachie nilishughulikie mwenyewe. Nikishindwa, nitakupigia kama ulivyoniambia."

Alikata simu. Halimah, aliyekuwa akimwaga chai, alimwambia, "Umemjibu mzee wa watu hivyo?" Juwairiya alijifunga kitenge chake vizuri, akapanda bodaboda kwenda Wanale.

Nyumba ya Dorothy ilikuwa chini ya ukingo wa mlima, nyuma ya migomba, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yakiteremka mfereji wa kando ya njia. Dorothy alikuwa akichambua maharage barazani. Hakuonyesha mshangao. Aliingia ndani akatoka na kiti, akakifuta kwa ukingo wa nguo.

"Karibu," alisema kwa Luganda, lugha waliyoitumia walipokuwa wawili tu. "Nilijua utakuja wewe. Wengine wangetuma ujumbe."

Juwairiya alikaa. "Madamu, nimekuja kusikia. Sijui nilichokosa, lakini nimeona kimekuumiza."

Dorothy aliendelea kuchambua.

"Baba yangu alikuwa mwalimu," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tulikuwa tukitoka kanisani, kwenye barabara ya Tororo, na kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Baba alikuwa na suti yake nyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha. Askari mmoja akasema kwa Kiswahili, lugha ya jeshi lile, 'Kaa chini.' Baba akatafuta mahali pakavu. Alitafuta tu pakavu. Wakampiga kofi, wakamkalisha kwenye tope, na wanafunzi wake walikuwa wakipita na wazazi wao. Walimwacha hapo mpaka jua likageuka. Askari wengine waliosimama nyuma walikuwa wakicheka, mmoja akawa anaitikia, 'Ndiyo, afande, ndiyo, afande.'"

Juwairiya alifumba macho.

"Hakuuawa," Dorothy aliendelea. "Watu wakisikia habari za miaka ile ya utawala wa jeshi hungoja nifike kwenye kifo. Hakufa. Aliishi mpaka uzee. Ila hakufundisha tena, na hakukaa chini tena maisha yake yote. Msibani, watu wote mkekani, yeye amesimama. Alipokufa ndugu yake alisimama usiku kucha, miguu imevimba, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya migomba. Dorothy aliweka sinia pembeni.

"Na wewe niambie. Watu wenu wa Kinubi walikuwamo kwenye jeshi lile?"

"Babu alikuwa ameshastaafu," Juwairiya alisema. "Baba alikuwa fundi wa saa. Lakini mjomba wangu alikuwamo. Sijui alifanya nini, Madamu. Hakutuambia, nasi hatukumuuliza. Alikufa hivyo."

Dorothy alimtazama kwa muda mrefu. Kisha, jambo ambalo Juwairiya hakulitarajia, pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Angalau hujaniambia alikuwa mpishi," alisema. "Kila niliyemuuliza, ndugu yake alikuwa mpishi. Jeshi zima lile lilikuwa la wapishi, sijui walikuwa wakimpikia nani."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi chenye uchovu. Dorothy aliingia ndani akaleta chai na ndizi za kuchoma.

"Serikali ile ya wanajeshi ilipoanguka," Juwairiya alisema, akishika kikombe, "mama yangu alinikataza kufungua mdomo sokoni. Nilikuwa mdogo sana. Alisema, wakisikia Kiswahili chako watajua sisi ni Wanubi. Nilijifunza Lusoga kwa kutazama midomo ya watu. Mimi kile Kiswahili ndicho nilichofungiwa nje yake, Madamu. Sikufikiri kwamba mtu mwingine alifungiwa ndani yake." Alinywa kidogo. "Nitakiacha. Klabu haiwezi kukukosa wewe."

"Yule fundi wa Busiu alisema chochote?" Dorothy aliuliza ghafla.

Juwairiya alimweleza habari za mama yake Asuman, jinsi alivyomjua mwanawe kwa harufu ya oili. Dorothy alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Miezi yote ile nimeandika kumbukumbu za mikutano," alisema, "na nikaandika kwamba Asuman alihudhuria. Basi. Alihudhuria." Alitikisa kichwa. "Usikiache. Lakini mimi sitakaa kwenye mkutano wa lugha ile. Najijua. Mpe mtu mwingine ukatibu. Mimi nipe kambi ya macho, nitaiendesha mpaka mwisho."

"Madamu..."

"Huwezi kuwapata wote, Mama Rais. Hata Isiko hakutupata wote. Alikuwa tu anaongea mpaka tukachoka."

Mkutano uliofuata ulikuwa Jinja. Juwairiya aliwaeleza wanachama kwamba Dorothy ameacha ukatibu kwa sababu zake, na kwamba ataongoza kambi. Hakueleza zaidi. Alisema mikutano itaendelea kwa Kiswahili, anayetaka kusema kwa lugha nyingine aseme na atatafsiriwa, na kwamba neno afande halitatumika tena humo ndani, hata kwa utani. Wawili walinung'unika. Mmoja alisema klabu itaonekana kama ya watu wasiosoma, na miezi miwili baadaye akahamia klabu nyingine. Jambo hilo lilimuuma Juwairiya kuliko alivyoonyesha. Mwalimu Isiko, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alifungua mdomo, akamtazama Juwairiya, akaufunga. Kisha akainua mkono kama wengine, akangoja aitwe.

Kambi ya macho ilifanyika Busiu baada ya mavuno ya mahindi. Watu walikuja tangu alfajiri, wazee wakiongozwa na wajukuu, wengine wakibebwa kwenye bodaboda. Dorothy alikuwa kila mahali, amevaa aproni yake ya zamani ya ukunga, akisema Lumasaba na kila mtu. Madaktari walikuwa ndani ya madarasa. Isiko alijiteua mwenyewe kusimama getini kupanga pikipiki. Alikuwa na kofia ya majani na filimbi aliyoipata sijui wapi, na Juwairiya alipompita na katoni ya dawa za matone alimwambia, "Mama Rais, huku kwangu hakuna tatizo lolote. Nenda," naye akapuliza filimbi kumfukuza dereva aliyeegesha vibaya. Hakuwa amemwona na furaha hivyo miaka mingi.

Mama yake Asuman alipimwa kabla ya adhuhuri. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anaweza kupasuliwa wiki ileile hospitalini Mbale. Asuman alisimama kama hakusikia. Dorothy ndiye aliyeinama sikioni mwa bibi yule akamweleza kwa lugha yake, taratibu, mara mbili, akimpapasa mgongo. Bibi aliuliza kama itauma. Dorothy akamwambia kidogo, na kwamba yeye mwenyewe atakuwa hapo mlangoni.

Naye alikuwapo. Alikaa na Asuman kwenye benchi la hospitali mpaka bandeji ya jicho la kwanza ilipofunguliwa, na bibi akamwambia mwanawe kwamba amezeeka.

Katibu mpya akawa Nabirye, na kumbukumbu zake zilikuwa fupi kuliko za Dorothy na zenye habari nyingi zaidi za nani alibishana na nani. Mwezi baada ya mwezi, mikutano ya Mbale ilifanyika bila Dorothy, na Juwairiya hakumwita. Alimpigia simu tu kumjulia hali.

Mwaka wake wa urais ulipokuwa ukielekea ukingoni, kwenye mkutano mmoja Mbale, mlango ulifunguliwa katikati ya mazungumzo, Dorothy akaingia. Asuman aliinuka akampa kiti chake. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Hakusema neno la Kiswahili, na hakuna aliyemwomba. Ilipofika habari ya kambi ya mwaka unaofuata aliinua mkono, akasema kwa Lumasaba, kirefu, na Asuman akasimama kando yake akatafsiri.