Kabla Bolti Haijakazwa

...kranki imezunguka laini, hata kwa mkono mmoja, viwiko vyake viwili vinapishana ndani ya mafuta, kimoja juu kingine chini, lakini ulaini si uzima, ufa haukwaruzi, ufa hujibanza kwenye kona, pale shingo ya kranki inapokutana na kiwiko, ukingoja mzigo... “Nhàn! Shemeji! Unakaza bolti au unaibembeleza?” huyo Khởi, mume wa dada, yuko juu ya sitaha, maji yanakupwa, mfereji ukikauka mananasi yake yataozea hapa, nasikia, bolti moja tu imebaki, spana iko mkononi, mkono ndio hautaki... asubuhi niliitundika kranki kwa kamba nikaigonga kwa nyundo, kama baba alivyonifundisha, nzima hulia kama kengele, yenye ufa hulia kama chungu, nikagonga, papo hapo boti ya mchanga ikapita ikinguruma, nilisikia nini, nikajiambia kengele kwa sababu nilitaka iwe kengele... chuma kimoja tu, kilifuliwa kikiwa chekundu mpaka kikapata viwiko, moto unasukuma pistoni chini, pistoni inasukuma kiwiko, kushuka kunageuka kuzunguka, kranki inazungusha propela, mchana kutwa inapindwa na kuachiwa, inapindwa na kuachiwa, ikikatika boti inakuwa gogo, kama siku ile kwenye Mto Hậu, kaka Thới akizungusha usukani bure, meli ikipiga honi, honi, na baba pale ukingoni akisema “kranki hiyo” kabla hata hawajagongwa... “Mwache afanye kazi,” dada Lài anamwambia, “au unataka kupiga kasia mpaka Sóc Trăng?” anacheka, mwanawe amelala kwenye kitanda cha bembea, juu ya injini kabisa, namsikia anavyokoroma, mafua hayajamwisha... na nikiifungua nikute nzima? Khởi atatangaza mfereji mzima, injini ya fundi mwanamke hujifungua mara mbili, watu watacheka, basi wacheke, kumbe ndilo ninaloogopa, mdomo wa Khởi, tangu asubuhi najiuliza kama nilisikia ufa, sikupaswa kuuliza hivyo, swali ni kama nilisikia uzima, na uzima sikuusikia...

“Shemeji, shuka. Tunaitoa.”

“Tunatoa nini?”

“Kranki.”

“Mama wee! Na maji je?”

“Yatajaa tena.”

Anatukana kwa sauti ya chini, halafu nasikia ndala zake kwenye ngazi, na spana ingali kwenye bolti ileile, naivuta upande wa kulegeza.