Mama Hidaya Ameshaingia

Usiku wa jana niliota Mama Hidaya ameingia nyumbani kwangu, na Mama Hidaya ni mimi.

Niseme kwanza nililalaje, maana ndoto haianzi hewani. Nina miaka arobaini na minne. Nilikaa mapokezi ya nyumba moja ya wageni hapa Tanga tangu Hidaya hajaanza shule, na kazi yangu ilikuwa kusema karibu. Mwaka jana niliacha, nikaenda kusomea usalama wa mitandao, darasa moja na vijana wanaoniamkia shikamoo halafu wananionyesha kompyuta inawashwa wapi. Mtihani wa mwisho ulikuwa leo saa tatu asubuhi. Jana jioni nikamwambia Hidaya siendi, nimechoka kuwa bibi wa darasa.

Mwanangu ana miaka kumi na sita na mdomo. Akanitazama, akasema, "Siwema Kibwana, unaogopa watoto wadogo?"

Jina langu tupu, kama anamwita mwenzake kwenye mchezo wa rede. Nilimwambia aondoke mbele yangu kabla sijamfanya kitu. Nikaandika ujumbe kwa mwalimu wetu, Shechonge: "Mwalimu, kesho sitafika." Sikuutuma. Nikalala na hasira zangu.

Basi niko mapokezi. Ni mchana, feni inazunguka, na kengele ya mezani inanitazama. Mlangoni amesimama mtu kavaa tai. Uso hana. Pale penye uso pana maandishi tu, yanabadilikabadilika. Ni barua pepe. Sijui nimejuaje, lakini sishangai.

"Hodi," anasema.

"Karibu," nasema.

"Hukumuuliza ni nani," inasema kengele.

"Nimeshasema karibu."

"Ndiyo maana nasema."

Mwanamke aliyelelewa Tanga akisikia hodi, karibu inamtoka kabla hajageuka. Hilo ndilo alilonipigia kelele Mwalimu Shechonge mwaka mzima, kwamba mtu athibitishe kwanza ni nani, ndipo apite. Lakini utamwachaje mtu juani? Mgeni anakaa, anasema anaitwa Ndugu Mteja, kama zinavyoanza barua pepe za matapeli. Anaomba maji, nampa. Anaomba kanga yangu ajifutie jasho, nampa. Anaomba jina langu alishike kidogo, atalirudisha.

"Mama Hidaya," namwambia.

Analipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Analitia mfukoni, anajifunga ile kanga, anatoka. Hakuaga.

"Anakwenda wapi?" nauliza.

"Kwako," inasema kengele. "Na mtoto yuko peke yake."

Nakimbia. Mapokezi yanageuka kuwa chumba cha mtihani. Wale vijana wote wanasimama, shikamoo, shikamoo, na kila marahaba ninayoitikia inanirudisha nyuma. Mwishowe naacha kuitikia. Sijawahi maishani kuiacha shikamoo ya mtu hewani, na hata ndotoni niliona haya.

Nafika nyumbani. Mlango umefungwa.

"Hodi," nasema.

"Nani?" unauliza mlango. Ni mlango wangu ule ule, unaovimba kila mvua zikinyesha.

"Mama Hidaya."

"Mama Hidaya ameshaingia. Anakula."

"Huyo si mimi."

"Jina kataja na kanga anayo. Wewe una nini?"

Kwa ndani namsikia Hidaya akisema, "Mama, nikuongeze mchuzi?" Na sauti yangu, yangu kabisa, inajibu, "Niongeze, mwanangu." Mwanangu anamwandalia mtu asiye na uso, wala hajui.

"Nataka vitu vitatu," unasema mlango. "Unachokijua, ulichonacho, na ulivyo mwenyewe."

Hilo somo la darasani nalijua kwa moyo. Napekua mfukoni nilichonacho, natoa ufunguo.

"Huo ni wa chumba namba saba cha wageni," unasema mlango. "Si wa hapa."

Naweka kidole gumba kwenye tundu la kitasa. Mlango unakipapasa kwa muda.

"Hakina alama. Kimefua sana hiki. Kimekuna nazi sana."

Unasema bila dharau, kama muuguzi anayekwambia dawa zimekwisha. Na ni kweli. Hata simu yangu, tangu niinunue, haijawahi kukitambua kidole changu. Huwa naifungua kwa namba, na Hidaya hunicheka.

"Basi kimebaki unachokijua," unasema mlango. "Taja jina."

"Mama Hidaya."

"Jina la mtoto haliruhusiwi. Mtaa mzima unalijua. Muuza mkaa analijua."

"Ndilo nililonalo."

"Kabla ya mtoto ulikuwa ukiitwa nani?"

Natafuta. Natafuta kwa marehemu mama yangu, namsikia kabisa akiniita niende kisimani, ila mahali pa jina pana ukimya tu. Nakaa barazani, nalia. Sijalia hivyo tangu msiba wake.

Nyayo zinakuja mlangoni. "Nani analia hapo nje?" anauliza Hidaya.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilipokuwa na zamu za usiku, namwacha peke yake akiwa mdogo, nilimwambia mtu akipiga hodi usiseme karibu, uliza nani, na akisema mimi, uliza mimi nani. Mwenzenu nilimfundisha mtoto kuuliza, kisha nikakaa mezani kwangu nikiwakaribisha watu bila kuuliza.

Mama Hidaya ikanijia ulimini. Nikaimeza. Ndipo ile hasira ya jana jioni ikanipanda upya, moto vile vile, na ndani yake lile jina, zima, kwa sauti yake ya kiburi.

"Siwema Kibwana," nasema. "Na siwaogopi watoto wadogo."

Mlango haufunguki.

"Ninawaogopa," nasema. "Lakini nifungulie."

"Lete kidole," unasema mlango. Nikaupa. "Sasa umo humu kidoleni," ukasema, ukafunguka.

Ndugu Mteja yuko kwenye mkeka, mdomo umejaa wali. Ananiona, ananawa mikono, anaikunja kanga vizuri, anaiweka.

"Mlango sikuvunja," anasema. "Nilikaribishwa."

"Najua," namwambia. "Nenda."

Akaenda. Hidaya akanitazama, akamtazama anayetoka, akauliza ule mchuzi aumalizie nani.

Hapo nikaamka. Kumeshakucha, na mlango wa chumba changu unagongwa.

"Hodi."

Karibu ilishafika mdomoni. Nikaizuia.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mtoto wa Siwema," akasema Hidaya. "Maji yako ya kuoga yapo bafuni. Yatapoa."

Radhi hakuniomba, nami sikumdai. Nikasikia kandambili zake zinakwenda jikoni.

Nikavuta simu nikaufute ule ujumbe niliomwandikia Mwalimu Shechonge. Kwa usingizi nilionao nikasahau namba, nikaweka kidole gumba. Simu ikafunguka.

Nikaifunga, nikaweka kidole tena. Ikafunguka tena. Nikakiinua kile kidole kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mistari yake yote, mmoja mmoja, imezunguka kama ya mtoto mchanga. Nikaufuta ujumbe kwa kidole hicho hicho, nikaenda kuoga.