Korona ya Kuku wa Amagoro

Maji! Hilo ndilo neno lililomchoma Paulinus Opolot rohoni wiki nzima. Yeye, bwana mifugo, mwenye cheti na baiskeli ya serikali, ati amenywesha kuku wa watu maji matupu. Ni kweli chanjo ya kikohozi cha kuku huchanganywa na maji ya kunywa. Lakini hebu waeleze hivyo kina mama waliomwona akimimina kachupa kadogo kwenye ndoo na kukoroga kwa kijiti! Mwezi haujaisha, kuku wote wa Amagoro wanakohoa, mayai yanatoka yamekunjamana na vifaranga wanakufa. Utasema nini hapo?

Alaso, mjane mwenye kuku sitini wa mayai na ulimi usiopoa, aliandikisha barua ya kutaka Paulinus ahamishwe. Sahihi arobaini na moja zilishatiwa, ulibaki muhuri wa chifu tu. Chifu Ekisa akasema sawa, lakini mtu ajitetee kwanza barazani. Siku hiyo ya Alhamisi, mwaka wa sabini na nane, uwanja wa chifu ulijaa watu pomoni.

"Dawa ilikuwa dawa," Paulinus akaanza, jasho likimtiririka. "Ni ugonjwa umegeuka. Hiki ni kirusi cha jamii ya korona. Kwa darubini unakiona kimevaa taji."

"Taji!" Alaso akadakia. "Kuku wangu wanakufa, yeye anatuletea habari za wafalme!"

Watu wakaangua kicheko. Paulinus akababaika, akatazama huku na huku kutafuta msaada, na macho yake yakaangukia sare za kina mama wa kanisa. Wote walikuwa wamezivaa, kwa vile baada ya baraza walikuwa na mkutano wao.

"Mama Benedetta," akamwita mwenyekiti wao, "hilo gauni alishona nani?"

"Edris, fundi wa Busia. Ndilo la kwanza kabisa."

"Na lako, mama Akiror?"

"Fundi wa hapa. Aliangalizia la shemeji yangu. La shemeji lilitolewa kwa la jirani yake."

"Simameni, tafadhali."

Wakasimama. La Benedetta lilikuwa na kola ndogo ya duara. La Akiror, kola pana imeshuka mpaka mabegani. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ametambua. Benedetta mwenyewe alishika mdomo.

"Nani aliamuru kola ipanuke?"

"Hakuna," wakajibu.

"Haya! Kila fundi alinakili gauni lililo mbele yake. Mkasi unateleza kidogo, na anayefuata ananakili pamoja na kosa. Kirusi nacho kina maelezo yake ya kushonwa, yanaitwa jeni. Kikiingia ndani ya kuku kinajinakili mara nyingi mno, na kinakosea. Makosa mengi yanakiharibu chenyewe."

"Kama gauni langu moja," Akiror akasema. "Mkono ulikataa kuinuka. Nikalifanya tambara."

"Hewaa! Lakini kola pana iliwapendeza, ikanakiliwa, ikaenea. Sasa, chanjo yangu ilifundisha kuku kukamata mwenye kola ya duara. Huyu mpya anapita na kola pana, kuku wanamtazama tu."

Minong'ono ya kukubali ikazuka. Chifu akarudisha muhuri mfukoni. Paulinus akavuta pumzi.

"Nimeelewa," Alaso akasema. "Lakini gauni halina miguu. Kikohozi kilianza Bukhayo, kikaenda Adungosi, ndipo kikafika kwangu. Nani alikibeba?"

"Ni kuku wa Uganda!" chifu akaropoka, na nyuso zote zikamgeukia Muzafaru, mchuuzi wa kuku kutoka mjini Busia, mpakani na Uganda.

"Wallahi mimi Adungosi sijakanyaga mwaka huu!" Muzafaru akalia. Wengine walishaanza kusema afukuzwe sokoni.

Paulinus alikuwa amepona. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu. Lakini Bukhayo, Adungosi, Amagoro... mbona hiyo ilikuwa njia yake mwenyewe? Na huku kwetu ukihudumia boma hutoki mikono mitupu. Unapewa kuku wa shukrani, na kumkataa ni kumtukana mwenye boma. Aliwafunga kwenye usukani wa baiskeli, akaingia nao boma la pili, akawaning'iniza kando ya banda huku akikoroga chanjo yake. Aibu ikamshika mwili mzima.

"Mwacheni Muzafaru," akasema. "Ni mimi. Nilizunguka na kuku wa shukrani."

Uwanja ukavunjika mbavu. Alaso peke yake hakucheka.

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Wako wapi?"

"Niliwala."

"Na wewe, daktari mzima, hukusikia hata mmoja akikohoa?"

"Mmoja. Yule wa Bukhayo, alikohoa njia nzima. Nikajiambia ni vumbi. Alikuwa mnono sana, mama."

Kicheko kikakatika.

"Vifaranga thelathini nimezika kwa hii mikono," Alaso akasema polepole. Paulinus hakuthubutu kumtazama. Yule mama akamwendea chifu, akachukua barua yake, akaikunja na kuitia kifuani. "Ungemsingizia huyu Muzafaru, leo ungelala kwenye lori la kuhama. Kesho saa mbili uje uchukue damu ya kuku wangu, upeleke maabara ya Nairobi wakatafute chanjo ya hiyo kola pana. Uje kwa miguu, na viatu uvioshe kwa dawa mlangoni."

"Ndiyo, mama. Na nikimaliza?" Swali lilimponyoka kabla hajalizuia.

"Ukimaliza," Alaso akasema, "unaenda kwenu ukapike sukumawiki."