Utelezi Juu ya Matofali

Mume wangu Léon alikuwa na wapenzi wasioonekana kwa macho, na mimi, Kavugho binti wa Butembo, niliwaonea wivu. Walikuwa vijidudu. Waliishi katika matangi ya maji machafu nyuma ya nyumba ya wazazi, hospitali ya kujifungulia, pale mtaani Mangobo, wakila uchafu wa wodi ili maji yatoke safi kuelekea chemchemi ya mtaa. Léon aliwapulizia hewa kwa mashine iliyokunywa mafuta ya mazutu kama mlevi na kujaza moshi kwenye shuka nilizoanika.

Mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yakapigana mjini siku sita. Tukakimbilia barabara ya Banalia. Tuliporudi, kila mtu alinong'ona kipindupindu. Mimi, mfagizi wa pale, nikaingiwa na hofu nikamwaga pipa zima la javeli, dawa kali ya kuulia vijidudu, ndani ya matangi. Nilidhani nasafisha.

Haikupita wiki, maji yakawa yanatoka kama yalivyoingia, yananuka. Mama Simone, mkuu wa wauguzi, akatoa wiki mbili. Yasipotakata, angefunga nyumba, na wajawazito wajue pa kwenda.

"Ni mimi niliwaua," Léon akaniambia. "Siku sita bila hewa! Kesho naenda Bangboka, kwa uwanja wa ndege, nitaomba basoda mazutu."

Waliokwenda kuomba kwa askari, wengine walirudi bila viatu, wengine hawakurudi. Mimi mwenye mdomo mwepesi wa kugombeza watu, usiku ule nikamgeuzia mgongo kwa aibu. Asubuhi alipofunga bidoni la mafuta kwenye baiskeli, nikalishika tandiko.

"Papa, usiende. Haiko mashine. Ni mimi. Nilimwanga javel, fût muzima."

Akafungua bidoni, akaliweka chini, na kutwa nzima hakunisemesha. Nililia, lakini sikujuta. Heri anichukie akiwa hai.

Kesho yake tukaosha matangi, tukaleta tope lenye vijidudu hai kutoka shimo la zamani la maji machafu la mtaa. Nikaanza kuligawa sawasawa katika matangi yote matatu, kama tunavyogawia jamaa fufu.

"Hapana, mama. Weka yote pamoja," akasema, neno lake la kwanza. "Kila kadudu kanaachaka kitu kidogo ndani ya mayi, ni luga yao. Wakiwa wachache, hakuna mwenye kusikia. Wakiwa wengi, donc, wanajua: tuko wengi, tuanze kujenga nyumba yetu ya utelezi."

Tukapanga matofali kama ngazi ndani ya tangi moja, maji yaanguke yakijichukulia hewa yenyewe, bila mashine, bila moshi. Asubuhi na jioni tulichota kwa ndoo na kumwaga juu, bega kwa bega.

Siku ya tisa Léon akanishika mkono, akaupitisha juu ya tofali. Liliteleza.

"Unasikia? Wamesikilizana."

Nikacheka huku nalia. Sijawahi kupenda utelezi namna ile.

Wiki ya pili ilipokwisha, mama Simone akachota maji kwa glasi, akayanusa, akayainua kwenye mwanga. Akaridhika. Kisha akatugeukia.

"Bon. Sasa muniambie, nani aliharibu matangi yangu?"

Nikafungua mdomo. Léon akanikanyaga mguu, kwa nguvu kabisa.

"Ni siye wawili, mama," akasema.