Brashi Isiyoloweshwa

Saa mbili na dakika kumi, asubuhi ya Jumatano, kinyozi aliokota unywele kwenye beseni lake na kuulaza juu ya taulo jeupe. Ulikuwa mweusi chini, wa manjano juu, mgumu kama uzi wa ufagio. Haukutoka kwenye kichwa cha mtu. Ulikuwa wa tano tangu Jumatatu, na zote tano zilitoka kwenye brashi yake ya kupakia povu.

Brashi hiyo alikuwa nayo mwaka wa tisa. Aliachiwa na mzee aliyemwachia kiti, pamoja na kioo chenye ufa na mkanda wa kunolea wembe. Kila asubuhi aliitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto wakati akifagia, maana ikiwa kavu ilichoma. Ikishakunywa maji ililainika na kutoa povu zito lililokaa palepale ulipolipaka. Jioni aliitundika kwenye msumari, kichwa chini. Miguu yake ilivimba kwa kusimama, kiuno kilimsumbua kila kukicha, lakini brashi hakuwahi kuilalamikia.

Kiti cha pili kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mashine kwa kuwa hakunyoa kwa kitu kingine.

"Shemeji," alisema Mashine akitazama taulo, "hiyo brashi inapata upara kabla ya wateja."

Kinyozi hakucheka. Ijumaa iliyopita unywele mmoja ulikuwa umeng'ang'ania kwenye paji la Mwalimu, na Mwalimu ndiye aliyeutoa mwenyewe kwa vidole viwili. Mzee huyo alikuwa amefundisha chuo cha Kurani kwa miaka thelathini. Kila Ijumaa saa nne alikuja kunyolewa kichwa kwa ajili ya sala, na nyuma yake walikuja watu wazima waliosoma kwake. Angehama yeye, Ijumaa yote ya kibanda ingehama naye. Kwa hiyo kinyozi aliifunga brashi kwenye gazeti, akamwachia Mashine ufunguo, akaenda dukani kutafuta nyingine kama hiyo.

Duka la vifaa vya saluni lilikuwa mtaa wa tatu, na mwenyewe aliitwa Mama Vifaa. Aliivaa miwani iliyoning'inia kifuani, akaigeuza brashi, akapanua ncha zake kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta chawa. Halafu akamuuliza kama anaswali.

"Naswali. Kwani siku hizi brashi mnawauzia wanaoswali tu?"

"Kaka, hii ni nguruwe."

Alimwonyesha. Ncha ya kila unywele ilikuwa imepasuka mara mbili au tatu, na nywele za farasi, alisema, hazipasuki hivyo. Kisha akapanda kigoda, akashusha boksi la juu kabisa kwenye rafu. Ndani kulikuwa na brashi mpya yenye mpini uleule na alama ileile. Ubavuni mwa boksi palichorwa mnyama mwenyewe, na hakuhitaji kusomewa. Mzee aliyemwachia kiti hakuwahi kumwachia boksi.

Kinyozi aliomba kiberiti. Alichomoa uzi kwenye brashi ya bei ya chini iliyokuwa mezani, akauchoma: ulijikunja ukawa kishanga cheusi, ukanuka plastiki. Akachoma unywele wa brashi yake. Ulivunjika ukawa majivu, na duka likanuka kichwa kilichoungua. Moto haukumwambia ni mnyama gani, ila ulimwambia ni mnyama. Mengine yalikuwa kwenye boksi.

"Nipe isiyo na kitu cha mnyama," alisema.

Mama Vifaa alimwekea tatu na bakuli la maji. Ya kwanza ilikuwa na nyuzi nene zinazoruka. Alipoikandamiza kiganjani ikarusha maji hadi kwenye miwani ya Mama Vifaa, naye akaifuta. Ya pili ilikuwa laini kama pamba lakini haikuwa na nguvu. Ilijilaza kwenye sabuni na kubaki imelala. Ya tatu ilikuwa laini nchani na ngumu shingoni. Ilifunguka kiganjani kama ua na ikarudi ilivyokuwa. Aliisugua shavuni mwake mara nyingi, kwa maana shavu lake lilikuwa na makunyanzi na lilijua mambo. Akaichukua hiyo.

Mama Vifaa alimpa masharti, akahesabu kwa vidole. Hailoweshwi: unachovya ncha, unakung'uta mara mbili. Maji yawe vuguvugu, ya kuchemka yatazipinda nyuzi. Sabuni kidogo, kwa sababu hainywi maji wala sabuni, inabeba tu na kukabidhi yote. Na mkono uwe mwepesi.

Kibandani aliosha beseni, kikombe, wembe na mikono yake mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo alioukoroga na maji, kama najisi nzito inavyooshwa. Udongo aliutoa kwenye kopo la maua la jirani. Mashine alimwuliza kama anapanda kitu. Kinyozi alimweleza yote, tangu ncha hadi boksi. Mashine aliketi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama Vifaa."

"Huyo hanyolewi hapa. Shemeji, sikiliza. Ya zamani imechakaa, umenunua mpya. Huo ni ukweli mtupu. Kuna mtu amekuuliza zaidi ya hapo?"

"Hajaniuliza mtu."

"Basi usijibu."

Kinyozi hakukubali wala hakukataa. Alikuwa amechoka, na uchovu ulikuwa upande wa Mashine.

Alhamisi aliijaribu brashi kwa wateja wawili. Wa kwanza alimharibia: mkono ulikwenda wenyewe kwenye kikombe, ukaizamisha yote, na maji yakateremka hadi kwenye kiwiko huku povu likiwa jepesi kama la kuoshea vyombo. Kwa wa pili alichovya ncha tu, akakung'uta, akazungusha juu ya sabuni mara kumi. Povu likaja haraka kuliko alivyozoea. Mteja alisema hakusikia kuchomwachomwa.

Ijumaa, saa nne kamili, Mwalimu aliketi. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akampaka povu kichwa kizima, akaanza kunyoa upande wa kulia. Wembe ulikwenda vizuri.

"Leo mkono wako mwepesi," alisema Mwalimu. "Ile brashi nyingine iko wapi?"

"Ilichakaa," alisema kinyozi.

Mashine, kwenye kiti cha pili, alitikisa kichwa kidogo kuonyesha kwamba jibu limetosha. Kinyozi alimaliza upande wa kulia. Alifuta wembe, akahamia kushoto, mkono ukasimama juu ya povu.

"Mwalimu, ile brashi ilikuwa ya nywele za nguruwe. Nimejua Jumatano."

Mashine alizima mashine. Mwalimu hakugeuka. Aliuliza amejuaje, na kinyozi akamweleza ncha, boksi na moto, kwa mpangilio huo. Aliuliza tangu lini. Kinyozi alisema tangu akae hapo, miaka tisa, na kwamba hata yeye mwenyewe ndevu zake zilipakwa povu kwa brashi hiyohiyo.

"Na juzi ulipojua," alisema Mwalimu, "kwa nini hukuja nyumbani? Nyumba unaijua."

"Nilichoka. Halafu niliogopa."

"Ukasubiri mpaka ninyolewe nusu."

"Ndiyo."

"Ningekuwa sijaanza kunyolewa ningeondoka."

"Najua, Mwalimu."

Mzee alijitazama kwenye kioo: upande mmoja uling'aa, mwingine ulikuwa na povu lililoanza kukauka.

"Maliza," alisema.

Kinyozi alimaliza. Alipokuwa akimfuta aliuliza, kwa sauti ya chini, kama sala za miaka yote hiyo zilisihi. Mwalimu alisema wanazuoni wamehitilafiana, na kwamba yeye hatoi jawabu akiwa na sabuni sikioni. Alisimama, hakungoja kupakwa mafuta kama kawaida, akatoka. Hakuelekea msikitini. Alielekea nyumbani kwake.

Mashine alisema amelikoroga, basi alinywe. Kinyozi alisema ndiyo, na kuanzia alasiri hiyo akamwambia kila mteja aliyewahi kupakwa povu kwa brashi ile na ambaye jambo hilo lilimhusu. Aliwaambia kabla ya kuwafunga shuka. Hilo alikuwa amejifunza. Walikuwa kumi na mmoja. Sita waliondoka. Wanne walikaa. Mmoja alisema yeye tangu zamani ananyolewa na Mashine na povu alipakwa siku moja tu, ya harusi yake, na akataka kujua kama ndoa ina kasoro. Mashine alimwambia kasoro anaijua mkewe.

Ijumaa ya pili Mwalimu hakuja. Kinyozi alifagia mara tatu mahali pasafi, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe kutoka saa nne hadi adhana, jambo ambalo miguu yake ilikuwa imeliomba kwa miaka, na halikumpumzisha. Mke wa Mwalimu alipita na kikapu, akamsalimu, hakuongeza kitu. Mashine alianza kuzungumzia kusogeza kiti cha kwanza nyuma na kiti chake mlangoni.

Ijumaa ya tatu, saa nne na dakika kumi na mbili, Mwalimu aliingia. Kichwa chake kilikuwa na nywele za wiki mbili, nyeupe. Alitoa salamu, akaketi, akachomoa mfukoni boksi jipya na kumkabidhi kinyozi. Ndani kulikuwa na brashi ya nyuzi za plastiki yenye mpini wa buluu. Kinyozi aliipeleka kwenye kikombe.

"Hiyo hailoweshwi," alisema Mwalimu. "Imeandikwa."

Kinyozi alikuwa anachovya ncha tu, lakini hakubisha. Alikung'uta mara mbili. Alipaka povu kwa mkono mwepesi.

"Kuna kauli nyepesi na kauli nzito," alisema Mwalimu, macho yamefumbwa. "Mimi nimechukua nzito. Sala zote ninazirudia. Kila baada ya adhuhuri, moja ya zamani."

Kinyozi alipiga hesabu ya miaka tisa dhidi ya umri wa mzee. Haikuingia.

"Na mimi?"

"Wewe hukujua. Wapo waliosema asiyejua sala yake imekwisha kuswaliwa. Shika hiyo. Miguu yako naiona."

"Na wewe hukujua."

"Sikujua. Lakini mimi nilikuwa nafundisha watu waulize." Alifumbua macho. "Miaka tisa, na sikuuliza hata mara moja brashi imetengenezwa kwa kitu gani."

Kinyozi alinyoa kulia, kisha kushoto, bila kusimama. Alimfuta, akampaka mafuta. Aliisuuza brashi na kuikung'uta. Matone matatu yakaanguka sakafuni. Akanyoosha mkono kuelekea msumari.

Mwalimu aliichukua kabla haijafika. Aliizungushia leso, akaitia mfukoni mwa kanzu, akauliza Ijumaa ijayo anafungua saa ngapi.

"Saa nne utanikuta," alisema kinyozi.

Saa nne na dakika arobaini Mwalimu alivuka barabara kuelekea msikitini, na kwenye mfuko wake lilionekana doa dogo la maji.