Kiporo cha Mzee

Saa kumi na mbili na nusu jioni, siku ya nne baada ya maziko, Dada alitoa bakuli la wali kwenye friji, akalowesha vidole na kuanza kuvunja mabonge. Wali ulikuwa wa jana, mkavu na wa baridi, punje zikiachana moja moja kama inavyotakiwa. Alikuwa ameupika kwa mazoea, vikombe viwili, na mtu wa kula kikombe cha pili alikuwa ameshazikwa. Kumwaga chakula hakuweza. Alibandika karai, akamimina mafuta, akatia vitunguu, vitunguu saumu na pilipili alivyovitwanga pamoja na donge la uduvi, na nyumba nzima ikanuka bandari.

Alipokuwa akipasua yai, mlango wa uani ulifunguliwa, baba yake akaingia. Alivaa sweta la kahawia walilomzika nalo. Alivua viatu, akanawa mikono kwenye sinki, akavuta kiti chake na kuketi.

"Moto wako mdogo," alisema. "Nimesikia tangu nje. Karai halilii."

Dada aliongeza moto. Alimimina sosi ya soya, ile tamu, nyeusi na nzito kama asali, akageuza wali hadi ukapata rangi, akampakulia na kumwekea yai juu na vipande vya tango pembeni. Mzee alikula akamaliza, akakomba sahani kwa kijiko, kisha akauliza kama wali wa kesho umeshapikwa.

"Bado, Baba."

"Basi pika sasa, upate kulala," alisema. Akavaa viatu, akatoka. Dada akapima vikombe viwili vya mchele.

Mzee alikuwa mpishi wa meli za mizigo kwa miaka ishirini na minane. Wali ule alifundishwa na mpishi mwenzake, Mwindonesia, kwenye jiko la melini lisilozidi upana wa kabati, na alirudi nyumbani akiuita nasi goreng kwa lafudhi ambayo hakuna aliyeweza kumsahihisha. Sharti lake lilikuwa moja: wali uwe umelala. Ukikaanga wali wa leo, unapata uji wenye mafuta. Kwa hiyo anayetaka kuula leo lazima awe aliupika jana, na akiutaka na kesho, basi leo hiihii anapika wa kesho. Mzee aliutaka kila siku.

Kiharusi kilipomwangusha, Dada alikuwa na miaka thelathini na saba, na ndiye pekee aliyekuwa bado anaishi nyumbani. Alikuwa mtoto wa kati, lakini wote walimwita Dada, hata kaka yake mkubwa. Kaka alikuwa mfamasia. Mdogo wao wa kike alikuwa mwalimu. Wote wawili walikuwa na nyumba zao katika mji huohuo, na walikuwa wepesi sana wa kupiga simu. Dada alikuwa fundi wa miwani. Alikata na kusugua lenzi nyuma ya pazia la duka. Kwa miaka sita alitoka kazini saa kumi na moja kamili akawahi kumgeuza mzee kitandani, kumwogesha na kumkaangia wali. Mzee alimfundisha akiwa amelala, kwa kusikiliza. Mwishoni hakuweza kuinua kijiko, lakini aliweza kusema, kutoka chumba cha nyuma, kwamba sosi imemiminwa mapema.

Kufa kulimrudishia nguvu. Sasa alitembea wima, akala mwenyewe, na mdomo uliokuwa umepinda ulinyooka.

Wiki ilipopita na mzee hajakosa hata siku moja, Dada aliwapigia simu ndugu zake. Walikuja Jumapili, wakamkuta baba yao mezani. Kaka alimwamkia, akamuuliza mgongo unaendeleaje.

"Kule mgongo hauumi," alisema mzee. "Ila hakuna chakula cha maana."

Kaka alitikisa kichwa, kama afanyavyo dukani mteja anapomwambia dawa haijamsaidia. Mdogo wao alimpangusa baba udongo begani kwa kitambaa cha mezani. Walikaa saa nzima wakipiga soga, na katika Jumapili zote za miaka sita hakukuwa na iliyochangamka kama hiyo. Wakati wa kuondoka, Kaka alimshika Dada mkono mlangoni.

"Tunashukuru umempokea," alisema. "Wengine wangefunga mlango."

Mambo yakawa na utaratibu wake. Jirani wa ukuta mmoja alilalamikia harufu ya uduvi, kama alivyokuwa akilalamika wakati mzee yu hai. Mlinzi wa makaburi alikuja siku moja, kofia mkononi, kuomba mzee asichelewe, kwa kuwa geti linafungwa saa tatu usiku na yeye hana ruhusa ya kumfungulia mtu baada ya hapo. Dada alimwahidi, na kuanzia hapo chakula hakikuchelewa hata dakika.

Mwezi wa tatu baada ya maziko, mwenye duka alimwita Dada kwenye chumba cha kupimia macho. Alikuwa anafungua duka la pili katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, na alitaka Dada akalisimamie. Mashine ya kukatia lenzi ilikuwa mpya, bado iko ndani ya nailoni. Juu ya duka kulikuwa na chumba chenye dirisha pana.

"Miaka kumi na tisa uko nyuma ya pazia," alisema. "Safari hii utakaa mbele. Nipe jibu Ijumaa."

Siku hiyo Dada alirudi nyumbani kwa miguu, ili akae na habari ile peke yake kidogo.

Jumatano aliwaita ndugu zake. Walikaa wanne mezani, mzee akila. Dada aliwaeleza habari za duka, kisha akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima: yeye ameuguza miaka sita, sasa wapokezane. Mzee aende kwa Kaka mwezi mmoja, na mwezi mwingine kwa mdogo wao.

Kaka alivua miwani yake, ambayo Dada ndiye aliyeitengeneza, akaifuta kwa shati. "Mimi nakaa ghorofa ya tatu, Dada. Zile ngazi hata mimi zinanitoa jasho."

"Baba hachoki siku hizi."

"Hachoki, lakini ni mzee."

"Mimi ningemchukua hata leo," alisema mdogo wao. "Tatizo mume wangu na uduvi. Anavimba macho. Halafu watoto, unajua, walimwona babu yao akizikwa. Nitawaambia nini?"

"Waambie anakuja kula."

Mdogo wao aliangalia kucha zake. Dada akamgeukia baba. "Baba, wewe unasemaje?"

Mzee alitafuna akamaliza. Hakuwa mtu mkali, hata zamani. "Kaka yako ana familia, mama. Mdogo wako naye ana familia."

"Na mimi?"

"Wewe una mimi," alisema kwa upole, akasogeza sahani aongezewe.

Dada akamwongezea.

Ijumaa alimwambia mwenye duka kwamba atakwenda. Nyumbani hakumwambia mtu. Jioni ile, mzee alipoondoka, hakupima mchele. Alisugua karai, akalipaka mafuta lisishike kutu, akalitundika kwenye msumari. Kwa miaka sita hakuwahi kuliona jiko lile bila sufuria ya wali ikipoa, na sasa lilionekana kubwa. Jumamosi alfajiri alifunga sanduku moja, akafunga mlango wa mbele na wa uani, akaacha funguo kwa jirani, akapanda basi.

Chumba kilikuwa kama alivyoambiwa. Alishuka dukani, akaivua mashine nailoni, akakata lenzi moja ya kujaribia, na ilitoka safi bila hata mkwaruzo. Akapanda tena, akanywa chai na mkate dirishani. Watu walipita barabarani chini yake na hakuna hata mmoja aliyemjua. Alijilaza kitandani na viatu miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatazama dari.

Saa kumi na mbili na nusu mlango uligongwa.

Mzee alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkono mmoja ukutani. Sweta lilikuwa jeupe kwa vumbi la barabara kuu. Soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imebaki njiani, na kidole gumba kilichungulia.

"Leo nimewahi kutoka, asubuhi, nikakuta pamefungwa," alisema. "Nikauliza dukani kwenu uliko, nikatembea. Nimechelewa?"

"Hujachelewa, Baba."

Alinawa mikono, akatafuta kiti. Kilikuwepo kimoja. Akaketi, akatazama birika na nusu mkate. Aliweka mikono juu ya meza, akangoja. Dada alikata kipande cha mkate, akakipaka siagi, akamwekea. Mzee alikitazama, akakirudisha taratibu kwa kidole kimoja, akaendelea kungoja. Saa tatu ikafika, ikapita. Asipokula haondoki, Dada hakuwa amelijua hilo, kwa kuwa hakuwahi kumnyima. Alimfunga ule mguu kwa taulo, ingawa haukuwa ukitoka damu, na kulipokucha mikono ya mzee ilikuwa bado palepale.

Asubuhi Kaka alipiga simu. Mlinzi wa makaburi alikuwa amempa taarifa kwamba mzee hakurudi.

"Umemtembeza mzee," alisema Kaka. "Mwendo wa saa nne wa basi, kwa miguu. Mtu aliyekulea."

"Sikumwambia atembee."

"Sasa ulitaka afanyeje?"

Dada alilifikiria swali hilo, simu ikiwa sikioni, na kila jibu alilolipata lilimfanya awe mtu mbaya.

Walirudi na basi la saa tatu. Kondakta aliuliza kama mzee ni marehemu. Dada akasema ndiyo. Kondakta akatandika gazeti kitini, udongo usichafue kitambaa, akampa nafasi ya dirishani. Njia nzima mzee alimwonyesha Dada alikopita jana: hapa alipumzika, pale mbwa walimbwekea, kwenye ule mteremko ndipo soli ilipong'oka. "Barabara nzuri," alisema. "Tangu niache meli sijaona nchi kiasi hiki." Alikuwa na furaha. Dada alitazama kila alichoonyeshwa.

Wali aliopika Jumapili ulilala, ukakaangwa Jumatatu jioni. Mzee aliondoka saa mbili kasoro, ameshiba, amevaa viatu vya zamani vya Kaka. Mwenye duka alielewa. Naye alikuwa na wazazi. Nafasi ile ilikwenda kwa mpima macho, na Dada akarudi nyuma ya pazia, kwenye mashine yake ya siku zote.

Mwezi uliofuata ndugu zake walimletea friji. Ilikuwa ndefu kuliko Dada, yenye milango miwili, na wabebaji walilazimika kung'oa mlango wa mbele ili ipite. Mdogo wao alikuwa ameifunga utepe mwekundu.

"Usidhani hatukuoni," alisema Kaka. "Tunaona unavyojitoa."

"Ile ya zamani ilikuwa ndogo mno kwako, Dada," alisema mdogo wao. "Ningekuwa na jiko kama hili, ningehamia mimi."

Mzee alikuja mapema siku hiyo. Aliizunguka friji, akaifungua na kuifunga mara tatu, akitega sikio mlango ulivyobana. Alisema melini hawakuwahi kuwa na chombo cha namna hiyo. Kaka alitoa kikaratasi kilichobandikwa ndani, akakisoma kwa sauti hadi akafika penye dhamana.

"Miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini hutamwita fundi."

Dada alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Aliwashukuru. Wabebaji walirudishia mlango wa mbele, wakakaza bawaba kwa bisibisi, wakaujaribu kama unafunga vizuri, nao ulifunga vizuri.

Wote walipoondoka, na mzee naye alipoondoka, Dada alipika wali, akautandaza kwenye sinia upoe, akautia kwenye bakuli. Alifungua friji, taa ikawaka. Kulikuwa na rafu sita, zote tupu. Alilijaribisha bakuli chini, akalijaribisha juu, mwishowe akaliweka kwenye rafu ya usawa wa kifua, ili miaka itakapokwenda asiwe anainama.