Uwanja Nilioacha Kuufagia

Nilianguka Aprili ya mwaka jana, saa nne asubuhi, kati ya jiko na nyumba, nikiwa na sufuria ya maharage mkononi. Mguu wa kushoto ukavunjika. Nililala kwenye tope la uwanja wangu mwenyewe nikipiga kelele mpaka jirani yangu Siwema akanisikia. Hadi leo nikikumbuka, hasira inanijia kabla ya maumivu.

Mwanangu Fulgence, fundi mitambo kule Kidatu, alikuja akatoa hukumu. "Mama, masika ijayo hukai hapa Ifakara peke yako. Ama tumwage saruji uwanja wote, ama unahamia kwangu." Saruji niliikataa palepale, maana ingesukuma maji yote kwa Siwema. Na Kidatu? Nyumba ya mwanangu ni nzuri, mkwe wangu hana neno, lakini kule mimi ni mgeni wa kukaa sebuleni na kuulizwa kama nimekula. Nina miaka sitini na sita na bado nataka kupika kwangu.

"Nipe mpaka masika," nikamwambia. "Uwanja huu nitautengeneza mwenyewe."

"Kwa mguu huo?"

"Kwa mguu huuhuu."

Niliapa kazi hiyo haitaniumiza goti wala kichwa. Nyuma ya kalenda ya parokia nikaandika masharti: kazi moja kwa wiki, saa moja kwa siku, nimekaa kwenye kigoda, na jua likiwa kali niingie ndani. Na kabla ya yote, nisiguse jembe mpaka nimeona maji yanapita wapi.

Mvua za kwanza zilipokuja Desemba, nikakaa mlangoni kutazama. Kila mvua ilipokatika nilitoka na fimbo yangu, nikachomeka vijiti palipopita maji. Baada ya mvua tatu vijiti vilionyesha mikondo miwili, nayo inakutana palepale nilipovunjikia mguu. Na hapo ndipo nilipokuwa nafagia kwa bidii kuliko kokote, kila alfajiri, kwa miaka arobaini. Fagio la chelewa lilikuwa limemaliza kila jani na kila mzizi, ukabaki udongo mtupu, ambao ukipata manyunyu tu unateleza kama mlenda. Nilianguka kwa usafi wangu.

Hapo nikataabika. Mimi nimelelewa na fagio. Kwetu uwanja usiofagiliwa una maana moja: mwenye nyumba kafa, au yuko kitandani. Nilizunguka na wazo hilo siku mbili nzima, nikijibishana na marehemu mama yangu, kisha nikalitundika fagio nyuma ya mlango wa stoo.

Januari nikaanza. Wiki ya kwanza nilipanda nyasi za ukoka kwenye mikondo ya maji. Wiki ya pili, mchaichai kando yake ili ushike udongo. Kisha vipande vya matofali toka jikoni mpaka mlangoni, njia pana ya kutosha mimi na fimbo. Pumba za mpunga nilizipata bure mashineni, nikazichanganya na samadi, nikajaza viroba, nikavipanga juu ya kichanja ili nichume matembele bila kuinama. Siku goti liliposema hapana, nililala. Nyasi nilizifyeka fupi, nyoka asipate pa kujificha.

Lakini nani aliyetazama nyasi fupi? Watu waliona uwanja haujafagiliwa. Mmoja akaja na uji, mwingine akaniletea panadoli. Siwema alisimama mlangoni machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo mama. Usinifiche. Umezidiwa?"

"Marahaba. Niko mzima, mwanangu. Nimeacha tu kufagia."

"Mtu mzima hawezi kuacha kufagia," akasema, na akaenda kumpigia simu Fulgence.

Jumamosi moja mwezi wa tatu, mvua ikinyesha kwelikweli, gari la kukodi, Noah, likasimama barabarani. Mimi nilikuwa chini ya upenu napanda matembele kwenye kiroba. Fulgence akaruka nje, akaja mbio moja kwa moja mpaka kwangu, akanishika mabega.

"Siwema kasema hujashika fagio tangu Januari! Kusanya nguo, mama. Gari linatusubiri, sijamruhusu dereva hata kuzima."

"Siendi."

"Uwanja umeota nyasi! Watu wanasema..."

"Waache waseme. Hebu geuka, Fulgence. Umekimbia toka barabarani mpaka hapa, kwenye mvua hii, na viatu hivyo vya ofisini. Umeteleza mara ngapi?"

Akageuka. Alikuwa amepita juu ya mikondo yote miwili. Maji yalikuwa yanapita katikati ya ukoka, meupe, bila tope, yakielekea mtaroni. Akausukuma ukoka kwa kisigino, akausukuma tena kwa nguvu zaidi. Haukuachia. Halafu mwanangu, mtu mzima mwenye watoto watatu, akaanza kulia.

"Kila mvua ikinyesha Kidatu, naitazama simu," akasema. "Naogopa italia."

"Najua, baba."

Akajifuta uso kwa mkono. Akatembea kurudi barabarani, taratibu, bila kuchagua pa kukanyaga, akainama dirishani kwa dereva.

"Zima gari," nikamsikia anasema. "Ingia ndani, mama anapika."